Ujira Ni Deni: Haki za Mfanyakazi Kuhusu Mshahara Wake na Njia ya Kuzidai Musoma, Bunda na Butiama

Watu wengi wa Musoma, Bunda na Butiama huishi kwa kazi wanayoifanya chini ya mkono wa mtu mwingine. Wapo wanaochakata samaki, wanaouza madukani na wanaolinda usiku katika mji wa Musoma. Wapo vibarua wa pamba na wahudumu wa hoteli za Bunda, upande wa kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Wapo wanaochimba dhahabu Buhemba na kwingineko wilayani Butiama, wanaovua usiku katika Ziwa Victoria, na wasichana wanaotunza nyumba na watoto wa wenzao. Wapo pia walimu, wauguzi, wapishi na walinzi wa shule, zahanati na nyumba za Kanisa.

Makala hii inaeleza yale ambayo sheria za Tanzania Bara zinamhakikishia mfanyakazi kuhusu malipo yake. Jambo moja linafaa kushikwa tangu mwanzo: wengi wanaopoteza ujira wao hawaupotezi kwa sababu sheria iliwanyima. Huupoteza kwa sababu hawakuwa na maandishi yoyote, au kwa sababu walingoja ahadi za mwajiri mpaka siku za kudai zikaisha. Sheria inayo milango, lakini milango hiyo hufunguliwa kwa kumbukumbu na hufungwa kwa kuchelewa.

Msingi wa mafundisho

Sheria ya Musa iliagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, kwa kuwa ujira ule ndio tegemeo la uhai wake (rej. Kumb 24:14-15). Mtume Yakobo anawaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji wao unalia, na kilio hicho kimemfikia Mungu (rej. Yak 5:4). Kwa msingi huo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inaihesabu dhuluma ya ujira wa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba ujira haupati kuwa wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mtu aliyebanwa na njaa hukubali malipo yoyote. Kukubali kwake hakuondoi dhuluma iliyomo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliufanya ujira wa haki kuwa kipimo cha kupimia haki ya mfumo mzima wa uchumi. Msomaji ataona hapa chini kwamba sheria ya nchi nayo imeshika njia hiyohiyo: haikubali kila mapatano, hata kama mfanyakazi ameyatia sahihi.

Sheria zinazohusika

Sheria mbili ndizo kuu. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004 (Sura ya 366), inayoweka viwango vya saa za kazi, malipo, makato, likizo na namna ya kusitisha ajira. Ya pili ni Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004 (Sura ya 300), inayosimamia kima cha chini cha mshahara, maafisa kazi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Viwango vya sheria ya kwanza huhesabiwa kuwa sehemu ya kila mkataba wa kazi, isipokuwa mkataba unapotoa kilicho bora zaidi. Mwajiri hawezi basi kujitetea kwa kusema, "Tulielewana hivyo," ikiwa walichoelewana kiko chini ya sheria.

Askari wa jeshi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa hawamo katika sheria hiyo ya ajira. Watumishi wa umma, kama walimu na wauguzi wa Serikali, wanatakiwa kwanza kupitia ngazi za malalamiko zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma.

Nani ni mfanyakazi?

Mara nyingi mtu huambiwa kwamba yeye ni kibarua tu, au kwamba anasaidia tu, na kwa hiyo hana haki. Sheria ya Taasisi za Kazi haitazami jina, inatazama hali halisi. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, pakiwapo hata moja kati ya mambo haya: namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, yeye ni sehemu ya shughuli ya taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Kanuni hii ina uzito mkubwa huku kwetu. Kijana anayevua kila usiku kwa mtumbwi, nyavu na taa za tajiri mmoja, au anayechimba katika duara la mtu mmoja kwa amri na vifaa vyake, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa hata kama malipo yake huitwa mgao. Kila shauri hupimwa kwa ushahidi wake, lakini neno "mgao" peke yake halimwondolei mwenye mtumbwi wala mwenye duara wajibu wa sheria.

Maandishi: ngao ya kwanza

Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Maelezo hayo yataje jina na anwani ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira wake: kiasi chake, namna unavyokokotolewa, na marupurupu au malipo yasiyo ya fedha. Ikiwa mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Mwajiri anapaswa kuyatunza maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma.

Je, asipotoa maandishi yoyote? Hapo sheria inamgeukia yeye. Shauri likifika mbele ya Tume, mwajiri aliyeshindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kukosa mkataba wa karatasi, kwa hiyo, si kukosa haki.

Hata hivyo mfanyakazi asikae mikono mitupu. Daftari dogo la kuandika kila siku saa ya kuingia na kutoka, kiasi kilicholipwa na tarehe yake, ni ushahidi. Ujumbe wa malipo kwa simu, kitambulisho cha kazi, ujumbe mfupi wa mwajiri, na majina ya wafanyakazi wenzake ni ushahidi vilevile. Vitunzwe.

Kima cha chini cha mshahara

Kima cha chini katika sekta binafsi huwekwa kwa Amri ya Mshahara inayotolewa na Waziri mwenye dhamana ya kazi, na hutofautiana kwa sekta. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilipandisha kima cha kilimo kutoka shilingi 100,000 za mwaka 2013 hadi 140,000 kwa mwezi, na cha biashara na viwanda kutoka 115,000 hadi 150,000. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza viwango vipya vya kuanza tarehe 1 Januari 2026. Wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi ulipanda kwa asilimia 33.4, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322.

Wastani huo si mshahara wa kila mtu. Mfanyakazi wa nyumbani, mlinzi, mhudumu wa mgahawa na mchimbaji kila mmoja ana kiwango cha sekta yake. Aulize ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi kiwango kinachomhusu sasa, kisha akilinganishe na anachopokea. Kulipa chini ya kiwango hicho ni kuvunja sheria, hata kama mfanyakazi alikubali kwa hiari.

Sheria inamtaka mwajiri pia achukue hatua za makusudi kuhakikisha kwamba mwanamke na mwanamume wanalipwa ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Saa za kazi na hesabu yake

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa juma. Saa zinazozidi hapo ni za ziada: zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa majuma 4, na zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi za usiku, yaani kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kazi ya siku ya mapumziko ya juma, na ya sikukuu ya Serikali, hulipwa mara mbili. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya dakika 60 baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo, na ya saa 24 mfululizo kila juma. Masharti haya ya saa hayawahusu mameneja.

Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi kwa saa 45 za juma. Sheria inaagiza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ikizidishwa na saa za juma. Jibu ni takriban shilingi 2,000 kwa saa. Kwa hiyo:

- saa moja ya ziada ni shilingi 3,000;
- saa moja ya usiku huongezewa shilingi 100;
- saa moja ya siku ya mapumziko au ya sikukuu ni shilingi 4,000;
- siku moja ya kazi, kwa anayefanya siku 6 kwa juma, ni takriban shilingi 15,000.

Sasa mtazame mlinzi anayeingia saa 12:00 jioni na kutoka saa 12:00 asubuhi, siku 6 za juma. Hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila usiku, amefanya saa 66. Saa 21 kati ya hizo ni za ziada. Katika majuma manne zinakuwa 84, ilhali sheria inaruhusu 50 tu. Mlinzi huyo hawezi kulipwa mshahara mmoja wa jumla ukaitwa halali. Yapo mapatano ya maandishi yanayoruhusu siku ya kazi ya saa 12 bila malipo ya ziada, lakini siku hizo zisizidi 5 kwa juma wala saa za kawaida zisizidi 45.

Siku ya kulipwa na makato

Mshahara hulipwa siku iliyokubaliwa, mahali pa kazi na wakati wa kazi, kwa fedha taslimu, au kwa hundi au akaunti ya benki ikiwa mfanyakazi ameridhia. Malipo yaambatane na hati inayoonyesha mshahara wa msingi, nyongeza na makato yote. Mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi akiri kwa sahihi kwamba amepokea kiasi kikubwa kuliko alichopokea. Anayewekewa daftari lenye 200,000 na kupewa 120,000 anafanyiwa jambo ambalo sheria imelikataza waziwazi.

Makato halali ni yale yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya Tume. Na yale ambayo mfanyakazi mwenyewe ameyakubali kwa maandishi kwa ajili ya deni lake. Huku kwetu malalamiko mengi ni ya hasara: sahani zimevunjika, fedha za duka zimepungua, nyavu zimechanika. Kwa hasara za namna hiyo, mwajiri anaweza kukata tu ikiwa, pamoja na ridhaa hiyo ya maandishi:

- hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi;
- amempa mfanyakazi kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni;
- amempa nafasi ya kutosha ya kupinga;
- deni halizidi hasara halisi;
- makato yote hayazidi robo ya ujira wa fedha wa mfanyakazi.

Kwa mshahara wa 390,000, robo ni shilingi 97,500. Mwajiri anayezuia mshahara wote wa mwezi kwa sababu ya upungufu wa duka, bila kuandika wala kusikiliza, amekwenda kinyume cha sheria, hata kama upungufu ni wa kweli.

Kodi na hifadhi ya jamii

Kodi ya mapato hukatwa kwenye mshahara unaozidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Ulio chini ya hapo haukatwi. Mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi asilimia 10; inayobaki hutolewa na mwajiri. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake na hauruhusiwi kukatwa kwa mfanyakazi.

Kuonekana kwa neno NSSF kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimefika. Mwajiri anaweza kukata na kukaa nazo. Kila mwanachama aulize taarifa ya michango yake kwenye ofisi ya mfuko walau mara moja kwa mwaka. Kugundua pengo la miezi 6 ni rahisi kutibika kuliko kugundua pengo la miaka 12 siku ya kustaafu.

Siku zisizofanyiwa kazi lakini hulipwa

Kila mzunguko wa mwaka mfanyakazi anastahili likizo ya siku 28 yenye malipo. Akiugua na kuleta cheti cha daktari, anastahili siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua anastahili siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anastahili angalau siku 3. Mfanyakazi aliyeuguliwa na mtoto, au aliyefiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake wa tumbo moja, anastahili angalau siku 4.

Kazi inapokoma

Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa juma, siku 4. Na ajira ikikoma ndani ya mwezi wa kwanza, siku 7. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya notisi. Siku ya mwisho mfanyakazi anastahili:

- ujira wa siku zote alizofanya kazi;
- malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na kwa mwaka ambao haujatimia, ujira wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi;
- malipo ya notisi, ikiwa hakupewa;
- kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10, ikiwa mwajiri ndiye aliyesitisha ajira na mfanyakazi amefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo;
- usafiri wa kurudi mahali alipoajiriwa, ikiwa ni mbali na mahali pa kazi, na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo;
- cheti cha utumishi.

Kwa mfano wetu wa shilingi 15,000 kwa siku, kiinua mgongo ni shilingi 105,000 kwa kila mwaka. Aliyeachishwa baada ya miaka 4 na miezi 5 anastahili 420,000. Hakistahili aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, aliyefikia umri wa kustaafu, wala aliyemaliza mkataba wa muda maalumu. Lakini hata huyo aliyeachishwa kwa kosa hanyimwi ujira wa siku alizokwisha kufanya kazi.

Mwajiri hawezi pia kumfukuza mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria, kama vile kudai mshahara wake. Hiyo si sababu halali. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki huanza mfanyakazi akiwa ametimiza miezi 6 kazini. Haki ya kulipwa ujira huanza siku ya kwanza.

Njia ya kudai

Kwanza, dai kwa mwajiri mwenyewe kwa barua fupi yenye tarehe, ukieleza miezi na kiasi, na ubaki na nakala. Penye tawi la chama cha wafanyakazi, lihusishwe. TAMICO ni chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, TUICO cha viwanda na biashara, na CHODAWU cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani.

Pili, nenda kwa afisa kazi Musoma. Afisa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuhoji, kukagua vitabu vya mishahara, na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Njia hii hufaa zaidi pale tatizo linapowagusa wafanyakazi wengi kwa pamoja.

Tatu, fungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Musoma, kwa kujaza Fomu Namba 1 ya Tume na kumpa mwajiri nakala. Hapa ndipo siku huhesabiwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ukiwamo wa mshahara usiolipwa, hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Aliyechelewa anaweza kuomba kusamehewa ucheleweshaji, lakini lazima atoe sababu za msingi. Kwamba mwajiri alikuwa akiahidi kulipa "mwisho wa mwezi" mara kwa mara ni sababu dhaifu ya kutegemea. Mazungumzo yaendelee, lakini fomu ijazwe kabla siku hazijaisha; kufungua mgogoro hakuzuii kupatana.

Msuluhishi hukutana na pande zote na kujaribu kuzipatanisha ndani ya siku 30. Wakipatana, mapatano huandikwa na huwa na nguvu ya sheria. Yasomwe neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, hasa penye maneno kwamba mfanyakazi hana dai lingine lolote. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Mtu anaweza kwenda mwenyewe, au akawakilishwa na kiongozi wa chama chake, wakili, au mtu aliyemchagua. Asiache kufika siku aliyoitwa: mlalamikaji asipofika dai lake linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika linaweza kuamuliwa bila yeye. Asiyeridhika na tuzo anaweza kuomba marejeo Mahakama Kuu ndani ya majuma 6, na Mahakama Kuu ina masjala yake Musoma.

Waajiri walio miongoni mwetu

Haki hizi hazisomwi na waajiriwa peke yao. Wengi wanaosali pamoja nasi ni waajiri: wenye maduka, mitumbwi, shule, nyumba za wageni, na kila kaya yenye binti wa kazi. Msichana anayelala nyumbani kwa mwajiri wake ni mfanyakazi kamili. Chakula na nguo za sikukuu si badala ya mshahara wake, na kumtunzia fedha zake mpaka atakaporudi kwao bila maandishi yoyote ni kumweka katika hatari ya kuzikosa zote.

Parokia na taasisi za Kanisa nazo ni waajiri mbele ya sheria. Mlinzi wa parokia na mpishi wa nyumba ya mapadre wana haki ya maelezo ya maandishi, hati ya malipo, mapumziko ya juma na michango ya NSSF iliyofika. Kazi yao kuitwa utume hakuiondoi katika sheria, na sadaka hutolewa na anayetoa, haikatwi kwenye ujira wa mwingine. Kamati za fedha za parokia zingefanya vema kuweka mishahara na michango ya wafanyakazi katika mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya ukarabati na sherehe.

Mkoa wetu unao mfano wa kiongozi aliyeanza na ujira wake mwenyewe. Oktoba 1966, mjadala kuhusu tofauti kubwa za vipato ulipopamba moto, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alikata mshahara wake kwa asilimia 20, na ya viongozi wakuu wa Serikali ikapunguzwa pia. Mwajiri anayekabiliwa na mwezi mgumu anaweza kujiuliza swali hilohilo: ni ujira wa nani utakaopunguzwa kwanza?

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kufanya kazi ya thamani kubwa katika jambo hili. Katika kila jumuiya yupo anayejua kusoma fomu na yupo anayeiogopa. Yupo aliyewahi kufika ofisi ya Tume na yupo asiyejua ilipo. Kumsindikiza mjane kutoka Bunda hadi Musoma kabla ya siku ya 60, kumwandikia barua ya madai, au kukaa naye kuhesabu saa zake za ziada, ni tendo la huruma na ni tendo la haki. Amwonaye jirani yake akidai ujira kwa muda mrefu amwulize mapema maswali mawili: umeandika nini, na ni siku ya ngapi leo?